Kura ya Mitungi

Garsen haijawahi kuwa na meya, na Asli Abdimajid alilijua hilo kama mtu anavyolijua pengo la jino lake: kila siku alilitia ulimi.

Iko miji duniani inayomchagua mkubwa wake, na iko inayoletewa. Garsen huletewa, kama inavyoletewa barafu ya samaki kutoka Malindi, na kama barafu hiyo, mkubwa hufika akiwa ameshaanza kuyeyuka. Anakaa mwaka, anakaa miwili, anabandika matangazo, anahamishwa. Wa safari hii aliitwa Jasper. Cheo chake kilikuwa msimamizi wa mji, na tangazo lake la kwanza, lililobandikwa kwenye nguzo ya banda la steji, lilisema kwamba wachuuzi wote waliokuwa wakiuza hapo wahamie soko jipya lililo nje ya mji, barabara ya Hola, kabla ya siku kumi na nne kwisha.

Asli hakuweza kulisoma. Alisomewa na Mzee Harrison, aliyekuwa karani wa halmashauri ya zamani na ambaye sasa, katika uzee wake, alikaa pembeni mwa steji na kiti, meza na kalamu, akiwaandikia watu barua. Alipomaliza kusoma, Asli alimwomba arudie. Aliporudia, Asli alitema mate chini, si mbali sana na kiatu cha mzee, akarudi kwenye mitungi yake.

Banda lile lilikuwa mabati tu juu ya nguzo, bila ukuta. Lakini kivuli chake kiliangukia pale pale basi la Lamu liliposimamisha mlango wake, na kwa miaka kumi na tisa Asli alikuwa amekaa katika kivuli hicho akiuza maziwa ya ngamia. Alikuja Garsen akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kutoka kambi za upande wa Madogo, nyuma ya mume aliyeitwa Abdinasir, dalali wa mbuzi. Abdinasir alipanda lori la mifugo siku moja akarudi Madogo, akaoa mke wa pili, na hakuona haja ya kuja kumwambia wa kwanza. Asli alizipata habari kwa dereva. Hakulia mbele ya dereva. Alimwuzia maziwa, akamwongezea bei. Mtoto mmoja, Hared, alimlea mwenyewe akamsomesha mpaka akaondoka kwenda kufanya kazi Mombasa. Yote hayo yalitoka chini ya mabati yale.

Kiswahili chake kilikuwa cha steji, cha haraka, kisichojali ngeli. Alikisema kwa sauti ya juu kwa sababu alijifunza kikishindana na honi.

Ngamia hakuwa naye hata mmoja. Maziwa aliyouza yalikuwa ya wanawake kumi na mmoja waliokaa na mifugo yao porini, upande wa barabara ya Hola. Walikamua kabla ya jua, wakafukiza mitungi kwa moshi wa vijiti ili maziwa yasiharibike upesi, kisha bodaboda mmoja aitwaye Elvis akaifunga mitungi yote kumi na mmoja kwenye pikipiki yake na kuileta mjini. Kila mtungi wa plastiki ulikuwa na alama yake mpinini: kitambaa chekundu, kipande cha leso, uzi wa manjano, kishikizo cha koti. Asli hakuwahi kuchanganya. Dereva wa basi la Lamu alitaka maziwa ya kitambaa chekundu na hakukubali mengine. Mwenye hoteli alitaka ya uzi wa manjano. Huo uzi wa manjano ulikuwa wa Ifrah, binti wa kaka yake Asli, aliyeolewa huko kambini. Wanawake wenyewe walikuja mjini kwa nadra, pengine mara moja kwa mwezi. Garsen iliwajua kwa mitungi yao.

Maziwa ya ngamia yakikaa mpaka saa saba mchana bila mnunuzi, yanachacha. Yanakuwa susa, ambayo ina wanywaji wake, lakini si abiria wa basi. Na basi halikuwa na njia ya kupita soko jipya. Huo ndio uliokuwa ugomvi mzima, na Asli aliueleza kwa mtu yeyote aliyesimama mbele yake kwa muda wa kutosha kujazwa kikombe.

Alikwenda ofisini kwa Jasper mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa angoje. Mara ya pili aliambiwa ametoka, naye aliiona fulana yake dirishani. Mara ya tatu aliingia bila kuambiwa, akamkuta anakula, akamwuliza kama chakula hicho kimechaguliwa na yeye mwenyewe au ameletewa kama alivyoletwa yeye. Jasper, kijana mnene mwenye miwani na upole wa mtu anayejua kwamba mshahara wake hautoki hapa, alimwomba afunge mlango akiwa upande wa nje.

Asli alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Harrison.

"Karani, huyu nani alimchagua?"

"Hakuchaguliwa, Mama Hared. Aliteuliwa."

Neno hilo hakulijua. Harrison alimfafanulia: kuchaguliwa ni watu wengi kukutaka, kuteuliwa ni mtu mmoja kukutaka. Huyo mmoja akikutaka, mji mzima hauna la kusema. Asli aliuliza kama zamani ilikuwa tofauti. Mzee akacheka bila furaha. Zamani, enzi za halmashauri, kulikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti huyo alichaguliwa na madiwani wenzake ndani ya chumba kilichofungwa, baada ya chai. Yeye Harrison ndiye aliyekuwa akiipeleka chai. Watu wa kawaida hawakuwahi kuulizwa, wala na wazungu, wala na waliofuata.

Kuanzia siku hiyo Jasper alipata jina. Asli alimwita Mteule, akidhani ni tusi. Wanawake wa Kipokomo waliouza ndizi, maembe na samaki chini ya banda lilelile, watoto wa Wamethodisti, walishikwa na kicheko mpaka wakashika nguzo. Gladys wa Golbanti ndiye aliyemwambia kwamba kanisani mteule ni mtu aliyechaguliwa na Mungu kwa ajili ya mbingu.

"Mungu alimteua?" akauliza Asli. "Lini? Kwa barua?"

Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho walichocheka pamoja. Kwa maana Gladys, alipomaliza kupangusa macho, alisema polepole kwamba yeye binafsi hakuona ubaya wa soko jipya. Lina paa pana. Lina bomba la maji na vyoo. Hapa steji samaki wake hula vumbi kabla ya mteja kuwala, na mwanamke akibanwa inambidi aombe choo hotelini kama ombaomba. Ndizi, alisema, hazingoji basi.

Asli alimtazama kama anayetazama nyoka aliyekuwa kamba. Miaka kumi na tisa walikuwa wameketi bega kwa bega. Wakati wa mafuriko Gladys alilala kwake na watoto wake wote. Pia walikuwa wamepita pamoja miaka mingine, ile ambayo wakulima na wafugaji wa bonde hili waliuana, na tangu hapo kila mmoja alijua ni maneno gani hayatamkwi. Kwa hiyo hawakuyatamka. Walitumia mengine.

Gladys alisema mtu asiye na hata mkia wa ngamia asijifanye mfugaji. Asli alisema afadhali asiye na ngamia kuliko anayenuka kambare. Kufikia jioni wachuuzi wote walikuwa na upande, na kufikia Ijumaa wauza chai hawakuwakopesha sukari wauza ndizi.

Katikati ya hayo Asli alikuwa na wimbo mmoja. Mji huu upige kura. Meya achaguliwe na watu, mtu mmoja kura moja, mchana, tukiona. Akija mtu kubandika karatasi kwenye nguzo, tujue tulimtuma sisi. Alimwambia dereva wa Lamu, akawaambia abiria, akamwambia askari aliyekuja kununua maziwa na ambaye hakuuliza. Maneno yakasafiri kwa basi. Ikasemekana kuwa huko Hola wakubwa wamesikia kwamba Garsen kuna mwanamke anayedai meya, na Jasper akaulizwa kwa simu kuna nini.

Ndipo akashuka steji mwenyewe, kwa miguu, jasho likimtiririka chini ya miwani. Alisimama nje ya kivuli kwa sababu hakuna aliyempisha.

"Mnapenda kura," alisema. "Haya, pigeni. Chagueni mtu mmoja awe msemaji wa wachuuzi. Neno lake nitaliandika kuwa neno la soko. Mimi kelele siandiki."

Alidhani wangeshindwa. Hilo Asli aliliona usoni mwake, na alifurahi, kwa sababu yeye hakudhani hivyo hata kidogo. Alijitokeza papo hapo. Gladys naye akajitokeza, akimwangalia machoni. Harrison akaombwa ahesabu, kwa kuwa ndiye mtu pekee mjini aliyewahi kuhesabu kura za kupanga mstari, enzi za madiwani, na kukubali kwamba alisema uongo alipotangaza matokeo. Mtu aliyeungama, walisema, ana haya ya kurudia.

Wakakubaliana Jumanne, saa sita, kati ya basi la Malindi na la Lamu. Karatasi hazitatumika. Wanaomtaka Asli wapange mstari nyuma yake, wanaomtaka Gladys nyuma ya Gladys, na mzee apite na kijiti akiwagusa mabega.

Siku ilipofika, wauza chai, muuza miraa, wapishi wa chapati na vijana wa bodaboda walisimama nyuma ya Asli, kwa sababu wote waliishi kwa basi. Wauza ndizi, samaki, mboga na mikeka walisimama nyuma ya Gladys. Harrison alipita na kijiti chake. Nyuma ya Gladys, thelathini na wanne. Nyuma ya Asli, ishirini na saba.

"Ngoja," Asli akasema. "Bado."

Akaingia bandani, akatoka na mitungi miwili. Akairudia miwili mingine. Elvis akamsaidia. Wakaipanga nyuma ya mtu wa mwisho, mmoja baada ya mwingine, mpini ukielekea mbele: kitambaa chekundu, kipande cha leso, uzi wa manjano, mpaka kumi na mmoja. Mstari wake sasa ulifika barabarani.

"Hesabu, karani."

Mtu mmoja upande wa Gladys alicheka, lakini ni mmoja tu. Wengine walielewa upesi alichokuwa akidai, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili kwa mtu asiye wa Garsen. Kule bombani, maji yanapokuja kwa saa chache, hakuna mwanamke anayesimama juani kungoja zamu. Anaweka mtungi wake kwenye foleni, anakwenda zake kuuza au kupika, na foleni inasogea. Kila anayesogeza wake husogeza na wa jirani. Mtungi ukishika foleni ni mtu. Watu wamewahi kupelekana kwa chifu kwa sababu ya kuruka mtungi, na chifu aliamua kana kwamba aliyerukwa alikuwa amesimama pale na miguu yake.

"Kila asubuhi wewe unasimama nyuma ya mtungi yangu," Asli alimwambia Gladys. "Mimi niko nyumbani, nakunywa chai. Umewahi kusema mimi sipo?"

"Hayo ni maji."

"Na hii ni nini? Mtungi hii iko na mwenyewe. Hii ya Sabdio. Hii ya Ifrah. Yote iko na jina. Hii si plastiki, hii ni mama ya watu."

Gladys aliuliza kama basi na yeye akaite kila mkungu wa ndizi jina la shangazi yake. Mwanamke wa mikeka akasema anayo mikeka arobaini, na kila mkeka una mtu anayeulalia. Kijana wa bodaboda akamjibu mwanamke wa mikeka neno lisilofaa kuandikwa. Wakaanza kusukumana, mtungi wa kishikizo cha koti ukaanguka, maziwa yakapotea mchangani, na Asli akapiga kelele kwamba wameua mpiga kura. Alikuwa hatanii.

Harrison aligonga meza yake kwa kijiti mpaka kijiti kikavunjika. Alikuwa mzee asiyependa kuamua. Maisha yake yote alikuwa ameandika maamuzi ya wengine. Alisema kwamba wenye mitungi ni wachuuzi kweli, maana maziwa ni yao, na kuwanyima kura ni dhuluma. Lakini mtungi hauwezi kukataa unapowekwa, na kisichoweza kukataa hakiwezi kukubali. Wenye mitungi waje wenyewe, Alhamisi, saa ileile. Mistari mingine ibaki kama ilivyohesabiwa.

Gladys alinung'unika, akakubali. Asli alikubali kwa furaha iliyomfanya amdharau mzee kwa ujinga wake. Ishirini na saba na kumi na mmoja ni thelathini na wanane. Alikuwa ameshinda, ila imeahirishwa kwa siku mbili. Jioni alimtuma Elvis kambini na ujumbe mfupi: Alhamisi njooni nyote, mje kusimama nyuma yangu. Hakueleza zaidi. Hakuona la kuuliza.

Walikuja kwa pikapu ya kukodi, wamesimama nyuma wakishikana mabega, shuka na buibui zao zikipeperuka. Njia yao kutoka kambini ilipita kwenye soko jipya, na dereva alisimama hapo wakashuka kunywa maji bombani. Elvis, aliyewafuata nyuma kwa pikipiki, alikuja kumweleza Asli baadaye kwamba walikaa pale muda mrefu kuliko kiu ya mtu. Walizunguka chini ya paa. Sabdio, mkubwa wao, alipima kwa hatua kutoka barabarani mpaka ndani.

Steji ilijaa kuliko siku ya Jumanne. Hata Jasper alikuja, akasimama mbali karibu na pampu ya petroli. Asli alijifunga leso kiunoni, akasimama mahali pake akiwa amewapa mgongo watu wake, kama desturi ilivyotaka, akimtazama Harrison ili asome matokeo katika uso wake.

Sabdio alikuja nyuma ya Asli. Wanne wakamfuata, kisha wawili. Kisha nyayo zikanyamaza.

Asli aligeuka. Wanawake wanne walikuwa wamebaki katikati ya mistari miwili, na wa mbele yao alikuwa Ifrah.

"Ifrah, mstari ni huu," alisema kwa Kisomali.

"Nimeuona, eedo."

Eedo ni shangazi, dada wa baba. Ifrah alilitamka kwa heshima yake yote, akainamisha kichwa kama inavyopasa. Kisha akageukia upande wa pili, na aliposema tena alisema kwa Kiswahili, kile cha shule, ili watu wote wasikie. Alisema soko jipya liko njiani kwao. Kutoka kambini hata kwa punda mtu hufika. Alisema wao wanne wanataka kuuza wenyewe, wajue nani anakunywa maziwa yao na anasema nini juu yake. Alisema kwamba katika miaka sita ya kuleta maziwa hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Nisamehe, eedo. Mimi si mtungi."

Akaenda akasimama nyuma ya muuza mikeka, na watatu wakamfuata. Harrison alipita akigusa mabega, mara mbili kila upande, ingawa mara moja ilitosha. Asli, thelathini na wanne. Gladys, thelathini na wanane.

Kuna watu ambao wakishindwa hutafuta mwizi. Asli alimtafuta usiku kucha bila kumpata, na hilo ndilo lililomuumiza. Kama wangemwibia angejua la kufanya. Lakini kila mtu alisimama na miguu yake, mchana, mbele ya macho, vilevile kama alivyokuwa akidai kwa abiria wa Lamu. Alilala akiwachukia thelathini na wanane mmoja mmoja, kwa majina, na jina la Ifrah alilirudia mara kadhaa.

Asubuhi Jasper alimwita ofisini. Safari hii mlango ulikuwa wazi, na kulikuwa na kiti na soda.

Alizungumza vizuri, kama mtu aliyejipanga. Alisema alisikitika. Alisema kura ni kitu kibaya sana kwa watu wachache, na watu wa maziwa ni wachache. Ndiyo maana serikali yenye busara haiachi kila jambo kwa mistari. Tangazo lake, alieleza, lilisema wachuuzi. Halikusema maziwa. Angeweza kuongeza sentensi moja, na banda la steji likabaki la maziwa peke yake, la Asli peke yake. Isitoshe, kamati ya mji ilikuwa na nafasi moja ya mwanamke, na hiyo haikuhitaji mstari wa mtu yeyote.

"Na watu waliopiga kura?" Asli akauliza.

"Kura ni zenu. Sahihi ni yangu."

Alichotaka kwake kilikuwa kidogo. Aache mambo ya meya. Abiria wanayachukua, yanafika kule, yanarudi kwake kwa simu.

Asli alikaa na soda mkononi bila kuinywa. Haingekuwa kweli kusema kwamba hakuitaka ile sentensi moja. Aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Aliliona basi la Lamu likisimama, dereva akinyoosha mkono dirishani kudai maziwa yake ya kitambaa chekundu, na kivuli chote kikiwa chake, bila harufu ya kambare, bila Gladys. Aliwaona wale wanne wakikaa soko jipya na mitungi yao, wakingoja basi lisilokuja. Angecheka mpaka afe. Na ni nani angemlaumu? Walimtupa wenyewe.

Lakini alipomwangalia yule kijana, aliona kwamba anatabasamu kwa namna ileile aliyotabasamu siku aliposema pigeni kura. Alikuwa hana wasiwasi wowote. Kwake yeye, watu sabini na wawili kusimama juani lilikuwa jambo la sentensi moja, na sentensi hiyo angeweza kuiandika leo na kuifuta kesho, akipenda, kwa ajili ya mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti hichohicho.

Akaweka soda chini.

"Gladys amenishinda," alisema. "Namchukia. Lakini amenishinda mchana, watu wakiona. Wewe hujanishinda, hata kusimama na mimi hujasimama. Sasa unataka kunipa. Wewe ni nani wa kunipa?"

Jasper alisema ni msimamizi wa mji.

"Nani amekuomba?"

Jasper alimshauri apime maneno yake, maana siku kumi na nne zilikuwa zimebaki tatu na yeye Asli ana mahali pa kupoteza. Asli akamjibu kwamba mahali ameshapoteza tayari, jana, kwa kura nne, na kwamba hizo nne ni watu anaojua mama zao. Akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Steji walipojua alichokataa, hawakumsifu. Muuza miraa alimwambia ni mwenda wazimu, kwa sababu kama maziwa yangebaki huenda na miraa ingebaki. Wauza chai waliacha kumsalimu. Sabdio na wale sita waliosimama nyuma yake walituma ujumbe wakiuliza kwa nini hakuwauliza kabla ya kukataa, na ujumbe huo ulimchoma kuliko yote. Akamtuma Elvis awaambie kwamba ni kweli, hakuwauliza, na kwamba anayetaka kuondoa mtungi wake auondoe. Hawakuuondoa.

Siku ya kumi na nne alihamia soko jipya na mitungi saba. Basi la Malindi lilipita barabara yake ileile, mbali, likaonekana vumbi tu. Kufikia saa tano alikuwa ameuza vikombe vitatu. Kufikia saa saba maziwa yalianza kugeuka, akaanza kuita susa, akiita watu wa Hola waliopita kwa pikipiki. Ifrah alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka kwake na mtungi wa uzi wa manjano. Aliuza vizuri kidogo, maana alijua kuzungumza na watu kwa upole. Kila mmoja alimwona mwenzake, na kila mmoja alishughulika na kifuniko chake.

Gladys, kama msemaji, alikuwa akizunguka kugawa nafasi. Alikuwa na daftari, na cheo kilikuwa kimeanza kumnyoosha shingo. Alipofika kwa Asli akasimama. Inaonekana alikuwa na maneno mengine, lakini yaliyotoka ni haya:

"Mama Hared, hata sasa bado unataka meya wa kura?"

"Nataka."

"Na wakimchagua asiyekufaa?"

"Watamchagua. Watu ya hapa ni wajinga sana." Asli alipangusa mdomo wa mtungi kwa pembe ya leso yake. "Lakini wewe mwaka kesho nitasimama na wewe tena, na nitakutoa. Huyu Mteule nitamtoa wapi? Sijui hata mlango aliingilia."

Gladys aliandika kitu kwenye daftari, au alijifanya kuandika. Alisema mwaka kesho ni mbali. Kisha akaketi kwenye nafasi aliyojigawia mwenyewe, ambayo kumbe ilikuwa jirani na ya Asli, akaanza kupanga maembe yake kwa mafungu ya matatu matatu, na fungu la mwisho likavuka mpaka.

"Sogeza maembe yako," Asli akamwambia. "Yanaleta nzi."